Karatasi za Darasa la Alasiri

Mimi ni mtu wa wivu, na sihitaji mtu anipunguzie neno. Wenzangu wakishikwa na wivu husema wana uchungu na kazi, au wanalinda heshima. Mimi wangu nauita kwa jina lake. Ukinishika nakosa hata hamu ya chai, na anayenijua anajua chai kwangu ni kitu gani.

Basi sikilizeni ulivyoniponza.

Nafundisha Kiingereza. Mchana nipo shule ya msingi, na saa kumi na mbili jioni nilikuwa kituo cha watu wazima, ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Wanaokuja pale ni watu wenye kazi zao: walinzi, wauguzi wasaidizi, madereva. Wanataka cheti cha kituo, maana siku hizi hata kutoka getini kwenda kukaa mezani ndani unaulizwa cheti cha Kiingereza kiko wapi. Na kinachowashinda wote ni kimoja: nyakati. Mtu anajua kusema "kula", anajua kusema "jana", akiviweka pamoja kwa Kiingereza vinagombana.

Dawa yao nilikuwa nayo mimi. Miaka kumi na miwili iliyopita nilichora jedwali ukutani kwa rangi ya mafuta, kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama juu ya dawati. Kushoto maneno arobaini na mawili ya wakati, kulia umbo la kitenzi linalotakiwa. "Yesterday" linataka hili. "Since" linataka lile. Kariri, funga mdomo, nenda kafanye mtihani. Mtu akiniuliza kwa nini, nilimwambia, "Daktari akikupa kidonge, unamuuliza kwa nini ni cheupe?" Darasa linacheka, tunaendelea. Waliniita Bwana Jedwali, na jina lile lilinikaa vizuri.

Mwaka huu mkuu wa kituo, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na maneno ya kuhesabu, akaajiri kijana wa kufundisha darasa jipya la saa tisa alasiri. Kijana mwembamba, viatu havijui kiwi, shati la buluu lile lile Jumanne na Alhamisi. Nilimpa mkono nikamkaribisha. Moyoni nilisema huyu hamalizi mwezi.

Hana jedwali, huyu mtu. Hana hata rula. Alichonacho ni mlango wa darasa. Anasimama pale ameshika kitasa, anataja neno: "Yesterday!" Darasa zima linajibu, "Umefungwa!" Anaubamiza. "Last year!" Umefungwa! Bamiza. "Today!" Uko wazi! Anauacha wazi. Akitaja "Since Monday" anaingiza mguu kwenye upenyo mlango usifunge, anasema: jambo lilianzia kule nje, na bado tunalo humu ndani. Kisha anawaambia, "Hebu jisikilizeni kwa Kiswahili chenu. Mtu akisema nilifua, na mwingine akisema nimefua, ni mamoja? Mnajua tofauti bila kufundishwa na mtu. Basi na Mwingereza naye ana mlango wake." Wakamwita Mlango.

Mlango! Miaka ishirini na miwili nasomesha, nije nishindwe na ubao wenye bawaba!

Wa kwanza kunihama alikuwa fundi magari, jitu la miraba minne ambalo nililipokea likiwa halijui kusalimia. Akaniambia ratiba ya gereji imebadilika, saa tisa ndiyo inamfaa. Sawa. Wiki ya pili akanifuata dada wa duka la dawa: ratiba. Kisha madereva wawili: ratiba. Ndani ya wiki tano mji mzima ulikuwa umebadilisha ratiba, na mimi nimebaki na watu tisa na jedwali langu.

Nikaamua nikajionee. Alhamisi moja niliaga shuleni mapema, nikasema nina jino. Nikapanda ngazi za kituo polepole, nikasimama nje ya darasa, sikio kwenye mbao. Ndani wanacheka. Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile kwenye somo la nyakati. Nikasogea zaidi, na wakati huo huo mlango ukafunguliwa wote, sauti ikapaa "In nineteen ninety-nine!", watu wakaitika "Umefungwa!", na ubao ukanijia usoni. Paa! Kwenye paji la uso.

"Shikamoo mwalimu," kijana akasema, ameshtuka kweli. "Samahani sana. Umeumia?"

"Natafuta chaki," nikasema.

Akanipa boksi zima. Nikashuka ngazi na chaki mkono mmoja na nundu mkono wa pili, na nyuma yangu kicheko kilichobanwa na watu thelathini.

Sasa nyumbani. Tuko wawili tu, binti yetu yupo shule ya bweni. Mke wangu anafanya kazi kwenye zahanati, chumba cha kufulia. Miaka kumi na mmoja mashuka ya wagonjwa na dawa ya madoa, vidole vimechanika kwenye viungo, usiku anavipaka mafuta mazito na kuvifunga kitambaa. Mapema mwaka huu aliniambia mama wa mapokezi anastaafu, na daktari mkuu amesema mfanyakazi yeyote wa pale mwenye cheti cha Kiingereza atakalia kile kiti kabla hajatafutwa mtu wa nje. Cheti kiwe kimefika mezani kwake siku aliyoitaja, saa nne asubuhi, la sivyo nafasi inatangazwa.

Nikamwambia, "Mama, Kiingereza si shuka. Huwezi kukiloweka usiku kikawa kimetakata asubuhi."

Niliona nimesema maneno ya busara. Yeye alikuwa anakunja foronya, akaendelea kukunja. Tangu siku ile hakulitaja tena, nami nikajua yamekwisha. Zamu yake kazini ikaongezwa, akawa anarudi saa kumi na moja na nusu siku za Jumanne na Alhamisi, tunapishana mlangoni mimi nikienda kituoni. Simuulizi. Mtu akifua zaidi anachelewa zaidi, kuna nini cha kuuliza?

Siku ya nundu nilimsimulia yote, nikimsema yule kijana kuanzia viatu hadi nywele. Nilisema ni msanii, si mwalimu. Nilisema anawachezesha watu wazima kama watoto wa chekechea.

"Labda wanaelewa," mke wangu akasema, ananiwekea barafu kwenye kitambaa.

"Nani kakwambia wanaelewa?"

"Si unasema mwenyewe wanahama?"

"Umemjulia wapi huyu kijana hata umtetee?"

"Mwalimu, tulia, unatikisa kichwa barafu inadondoka."

Yeye huniita Mwalimu hata nyumbani. Nikamtazama. Usoni alikuwa na kitu kama anajizuia kucheka, na wivu ukaniongezea kiti kingine ndani ya kifua: nikaona hata mke wangu yuko upande wa Mlango. Sikulala vizuri.

Mtihani ukafika. Pale kituoni tuna utaratibu wetu: karatasi hazina majina, zina namba tu, na walimu tunabadilishana. Yeye anasahihisha za darasa langu, mimi za lake. Mkuu aliuweka utaratibu huo ili watu wasipendeleane. Alifikiria upendeleo peke yake. Hakufikiria kwamba mtu anaweza kukaa chini na kuichukia namba.

Karatasi thelathini na nne za darasa la alasiri zikaletwa mezani kwangu shuleni, zimefungwa kwa uzi. Nikachonga penseli nyekundu. Nilikuwa na nia safi, au niseme nilikuwa na nia. Karatasi ya kwanza, themanini na moja. Ya pili, sabini na sita. Ya tatu, ya nne, ya tano, wote wameweka "since" na "ago" mahali pake kama watu waliozaliwa navyo. Kila tiki niliyopiga ilikuwa inanichoma mimi. Darasa langu halijawahi kupata hivi. Halijawahi, na nilijua, na penseli ilijua.

Nikaanza kutafuta. Nukta haikuwekwa mwisho wa sentensi: nusu alama. Herufi imeegemea nyingine: nusu alama. Wenye themanini nikawashusha hadi sabini, hawafi. Lakini nilitaka wafeli wachache, watatu wanatosha, mkuu aone kwamba kucheka si kusoma. Nikachagua waliokuwa chini kidogo kuliko wenzao. Namba kumi na nne nikamfikisha arobaini na nane. Namba ishirini na mbili, arobaini na tisa. Kufaulu ni hamsini.

Wa tatu alikuwa namba thelathini na moja.

Huyu aliandika kwa herufi kubwa zilizosimama moja moja, safi, kama lebo. Swali la mwisho lilikuwa insha fupi: Andika sentensi kumi kuhusu mtu unayeishi naye, tumia maneno ya wakati uliyopewa. Na yeye aliandika hivi, ninawageuzia kwa Kiswahili: Ninaishi na mtu anayejua kila kitu. Jana alizungumza kutoka mlangoni hadi kitandani. Amekuwa akizungumza tangu alipoingia. Hajaniuliza swali lolote kwa miaka tisa. Mwaka jana niliugua wiki mbili, akanieleza ugonjwa wangu. Na kadhalika hadi kumi, kila wakati mahali pake, hakuna hata moja lililoyumba.

Jamani, nilicheka peke yangu pale mezani. Nikamwita mwalimu wa hesabu nikamsomea. "Maskini dada huyu," nikasema, "kaolewa na redio." Mwalimu wa hesabu akacheka hadi akakohoa. Nilimwonea huruma kweli yule mwanamke.

Kisha huruma ikaisha nikarudi kwenye penseli. Kwa haki alikuwa na sitini na nane. Nilimkata kwa herufi kubwa. Nilimkata kwa nukta. Nikamfikisha hamsini na moja, nikakwama. Nikaisoma insha mara ya tatu, hadi nikaipata sentensi iliyosema asubuhi hii huyo mume alikunywa chai akasogeza kikombe aongezewe. "This morning", kitenzi cha wakati uliopita. Mtihani ulifanyika saa tisa alasiri, asubuhi ilikwisha kufungwa zamani, mwanafunzi amepatia. Lakini jedwali langu ukutani linasema "this morning" linataka umbo la nimekunywa. Nikakata alama mbili kwa penseli ile ile, nikaandika arobaini na tisa, nikapiga mstari chini yake. Nawaambieni ukweli, niliona raha.

Matokeo yakabandikwa Alhamisi. Darasa la jioni alifeli mmoja, la alasiri watatu. Nilisimama mbele ya ubao wa matangazo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kijana akaja, akasoma, akashika kiuno. "Watatu," akasema polepole. "Hawa watatu sikuwategemea." Nikamwambia ndiyo ualimu, atazoea, nikampiga bega.

Jioni ile niliporudi nyumbani nilikuwa nimejaa maneno. Mke wangu alikuwa ameketi mezani, chai imeshamiminwa, mikono ameiweka magotini. Nikakaa, nikaanza hata kabla sijavua koti. Nikamweleza matokeo. Nikamweleza kilichompata Mlango usoni aliposoma ile karatasi ya ubaoni.

"Na hao watatu walikosea nini?" akauliza.

Basi nikapata la kusimulia! Nikamwambia kuna mmoja, namba thelathini na moja, kituko, kaandika insha kuhusu mumewe. Nikamsomea kutoka kichwani sentensi nilizozikumbuka. Nikamwambia nilivyosema kaolewa na redio, na mwalimu wa hesabu alivyokohoa. Nilikuwa nacheka mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Sentensi hizo zilikuwa na kosa?"

"Aah, kosa... Kulikuwa na moja ya 'this morning'. Jedwali linasema..."

"Ilikuwa na kosa, Mwalimu?"

"Herufi kubwa tupu, karatasi nzima. Mtihani si lebo ya shuka."

Niliisikia sentensi yangu mwenyewe ikitoka. Nikasikia neno la mwisho. Mke wangu akavuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pili, akatoa kipande cha kadi cha kituo chetu, chenye muhuri wetu, akakiweka kando ya kikombe changu. Thelathini na moja.

Nikaishika kadi kama inaweza kubadilika nikiigeuza upande wa pili.

"Zile zamu..." nikasema.

"Hakukuwa na zamu. Kazi inaisha saa nane kama siku zote."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi mwalimu wa Kiingereza nipo humu humu ndani!"

"Nilikwambia, miaka tisa iliyopita. Ulinifundisha jioni tatu kwenye meza hii. Jioni ya tatu nilikosea, ukaenda kumsimulia kaka yako sebuleni, mkacheka, nami nipo jikoni nasikia." Alikuwa anasema taratibu, hana hata hasira, na hilo ndilo lilinitisha. "Nikaweka daftari. Mwaka huu nikalitoa. Nilimwomba yule kijana na karani wa kituo wasikwambie. Hata siku ile mlango ulipokugonga nilikuwemo. Nilijificha nyuma ya fundi magari."

Watu wote pale kituoni walikuwa wanajua. Nikaona sura zao moja moja, na hata pale, niamini msiniamini, kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa aibu. Kilikuwa wivu. Miezi mitano mke wangu amekaa kwenye dawati akimtazama mwanamume mwingine, akimwelewa, akicheka. Nikamuuliza, "Kwa hiyo yeye ndiye mwalimu wako?"

"Ndiyo," akasema. "Na keshokutwa saa nne kile kiti kinatangazwa. Chai yako inapoa."

Akainuka akaenda kulala. Saa mbili ilikuwa haijafika.

Ijumaa mchana nilikwenda kwa mkuu wa kituo. Njia nzima nilikuwa natunga maelezo, na kila nililotunga lilikuwa na jedwali ndani yake. Nilipofika nikayatupa, nikamwambia tu kwamba namba thelathini na moja nimemwonea na naomba asahihishwe upya. Mkuu akavaa miwani. Akaitoa karatasi kabatini, akaisoma yote, akakaa muda mrefu kwenye ile asubuhi ya chai. Kwa utaratibu wa kituo alama haibadilishwi mpaka msahihishaji aandike barua kwa mkono wake, aseme alifanya nini. Nikaandika mistari minne. Nikasaini.

"Huyu ni mkeo," akasema.

"Ndiyo."

"Barua hii nitaiweka kwenye droo yangu. Mume kumkata mkewe kwa bahati mbaya, mambo ya nyumbani. Sitaki yafike mbali." Akaandika sitini na nane, akajaza cheti, akagonga muhuri.

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilijiona mwanamume. Ni nani mwingine angeandika barua kama ile, nikajiuliza, na ningekuwa na mtu wa kujibu ningemwuliza yeye pia. Nikamkuta mke wangu anapiga pasi blauzi. Nikamwekea cheti na bahasha yake juu ya meza ya pasi, mbali na moto, nikarudi nyuma hatua moja nisubiri.

Akakisoma. Akaisimamisha pasi.

"Na wale wengine wawili?"

"Wengine gani?"

"Fundi magari kapata arobaini na nane. Jana alikaa kwenye ngazi za kituo, jitu lile, anajifuta uso kwa kitambaa cha grisi. Gereji yao inapeleka watu wawili kwenye mafunzo, wameomba cheti. Na dada wa duka la dawa, arobaini na tisa kama mimi. Mimi nimesoma nao, Mwalimu. Nawajua wanachojua."

"Wale ni wale. Wewe nimekurekebishia."

"Kama namba thelathini na moja asingekuwa mimi," akasema, "ungekuja kujua kwamba umemwonea?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ningesema nisingejua, nilipitiwa, macho yalichoka. Uongo ulikuwa umesimama mlangoni umevaa viatu tayari. Lakini alikuwa ananitazama, na nilihesabu haraka nikaona kwamba hajawahi kuniuliza kitu akasubiri jibu namna ile.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua wakati naandika. Wote watatu."

Hakushtuka. Alichukua cheti, akakitia kwenye bahasha yake, akanirudishia mkononi.

"Basi hiki siwezi kukipeleka. Nitakaaje mapokezi, fundi magari aje kupimwa shinikizo la damu, nimpe fomu ya kujaza?"

"Kesho saa nne, mama! Utakikosa kiti!"

"Najua ni saa nne."

Akaishika pasi akaendelea na kola. Nilisimama pale na bahasha. Nikakasirika, sitaficha, nikapaza sauti, nikasema mwanamke gani huyu, nimejivunjia heshima kwa ajili yake bado anataka na roho. Akageuza blauzi upande wa pili. Nikavaa viatu.

Nilifika kituoni saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Mkuu alikuwa anafunga ofisi, ufunguo uko kwenye kitasa. Wanafunzi wangu tisa walishaanza kuingia darasani. Nikamwambia pale pale koridoni: namba kumi na nne na namba ishirini na mbili pia, na si hao tu, karatasi zote thelathini na nne zimekatwa, hao watatu ndio niliowakusudia.

Akafungua ofisi tena. Hakuniambia nikae.

"Ile ya kwanza ningeweza kuiweka kwenye droo," akasema. "Hii siwezi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kwa nini lakini? Wewe ni mwalimu mzuri."

"Wanamwelewa kuliko wanavyonielewa mimi," nikasema. Nilipolisema kwa sauti lilikuwa dogo hivyo tu.

Akanipa karatasi. Nikaandika ukurasa mzima, nimesimama, nimeinamia meza. Alipomaliza kuusoma akaniomba funguo za darasa, akatoka akampigia simu mtu. Kijana alikuwa bado hapo hapo, chini kwenye duka la misumari, ananunua sijui nini. Akapanda, tukapishana kwenye ngazi. Alishaambiwa. Nilitaka anitukane, ningepata la kumchukia kwa raha. Akasema, "Shikamoo mwalimu," akanipisha ukutani, akaenda kwa watu wangu tisa. Sijafika chini nikasikia mlango wa darasa langu unabamizwa, na sauti zao, zile nilizozizoea, zikiitika.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa amekaa gizani sebuleni, hajawasha taa.

"Umeandika?"

"Nimeandika. Mkuu anasahihisha zote upya usiku huu, wale wawili watapata vyeti vyao asubuhi."

"Na darasa lako?"

"Kampa yeye."

Kisha akanyoosha mkono, nikampa bahasha, akaitia kwenye mkoba. "Pole," akasema, na akaniuliza kama nimekula.

Kile kiti alikipata. Sasa ni mwezi wa tatu tangu akikalie. Juzi nilikwenda zahanati kuchukua dawa zangu, nikasimama kwenye foleni kama watu. Yupo nyuma ya kioo, blauzi nyeupe, vidole vimeanza kupona. Mbele yangu kulikuwa na mgeni asiyejua Kiswahili, anamtafuta daktari. Mke wangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba daktari alitoka dakika kumi zilizopita, na kwamba wagonjwa wawili wamekuwa wakimsubiri tangu saa tatu, kwa hiyo akae, atakuwa wa tatu. Wakati wa kwanza mahali pake, wa pili mahali pake. Hakutazama juu kufikiri. Mgeni akaelewa, akakaa.

Watu kwenye foleni wakageuka kumtazama kwa heshima. Mama mmoja akaniuliza, "Huyu dada kasoma wapi?"

Msinione nimetakasika. Nilipaswa kusikia fahari, na ilikuja, ilikuja kweli, ikakaa kama dakika moja. Baada yake ukaja ule mwingine ninaoujua. Miaka kumi na tisa nimelala kitanda kimoja na huyu mwanamke, Kiingereza chote kiko kichwani mwangu, na katika yale maneno aliyoyasema hakuna hata moja alilolipata kwangu.

"Kituo kile juu ya duka la misumari," nikamwambia yule mama. "Darasa la alasiri. Muulizie Mlango."